Alizeti, mbaazi, kaliandra au mrehani: kuchagua maua ya pembeni mwa shamba kwa kufuata akili ya nyuki

Wakulima wa tikiti, pasheni, nyanya na kahawa huuliza swali moja, na wafugaji wenye manzuki karibu na mashamba huliuliza pia: nina kipande kidogo pembeni, au mpaka mrefu usio na kazi, nipande nini ili nyuki waje? Jibu wanalopewa mara nyingi ni orodha ya mimea inayopendwa na nyuki. Orodha hizo hazina ubaya, ila hazimwambii mkulima mmea upi unalifaa zao lake, wala saa ambayo maua yake hufunguka. Kuna hatari nyingine ambayo hazigusii kabisa, nayo ni kwamba mmea unaopendwa mno unaweza kuwaondoa nyuki kwenye zao lenyewe.

Nyuki hafuati rangi na harufu kama kitu kinachovutwa na sumaku. Anajifunza. Anapima malipo, anakumbuka saa, anazoea mbinu ya kuingia ndani ya ua, kisha anaganda kwenye aina hiyo hadi itakapoacha kulipa. Kwa hiyo kila mmea unaoupanda pembeni unamfundisha nyuki kitu, na kabla ya kununua mbegu inafaa ujue somo hilo litamleta kwenye zao lako au litampeleka kwingine. Hapa nalinganisha mimea minne ambayo mbegu zake hupatikana Tanzania na Kenya bila shida kubwa: alizeti, mbaazi, kaliandra (mti wa lishe ya mifugo), na mrehani pamoja na ndugu yake kivumbasi.

Kwanza, nyuki hujifunzaje

Mwaka 1914 Karl von Frisch, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, alichapisha majaribio yaliyomaliza ubishi kuhusu macho ya nyuki. Aliwazoesha kupata maji ya sukari juu ya kadi ya buluu iliyowekwa katikati ya kadi za kijivu za viwango mbalimbali. Alipoondoa sukari, bado walikwenda kwenye buluu. Walikuwa wanaiona rangi, na walikuwa wamejifunza maana yake. Baadaye alisoma pia ngoma ambayo nyuki huicheza ndani ya mzinga kuwaelekeza wenzake malisho yalipo, na mwaka 1973 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wengine wawili.

Randolf Menzel, Mjerumani, alipima kasi ya kujifunza. Nyuki hushika rangi ya urujuani haraka kuliko kijani, na akilipwa mara chache tu kwenye rangi moja, kumbukumbu hukaa kwa siku nyingi. Harufu huingia upesi zaidi ya rangi. Rangi nyekundu tupu kwa nyuki wa asali haina mvuto wa pekee, kwa kuwa macho yake yamejengwa kwa kijani, buluu na mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni.

Saa nayo hukaririwa. Ingeborg Beling, mwanafunzi wa von Frisch, alionyesha mwaka 1929 kwamba nyuki waliolishwa kwa saa maalumu hurudi kwa saa hiyohiyo hata siku ambayo chakula hakipo. Kwa mkulima hili ni jambo zito: ua linalolipa saa mbili asubuhi na ua linalolipa saa kumi jioni yanaweza kuhudumiwa na kundi moja bila kugombana.

Halafu kuna kuganda. Charles Darwin aliandika mwaka 1876 kwamba wadudu hung'ang'ania aina moja ya ua kwa sababu wamekwisha kujua wasimameje na mrija wauingize wapi, na hivyo wanaokoa muda. Kwa mmea huo ni heri, maana chavua ya mtikiti inafika kwenye tikiti jingine badala ya kupotea kwenye alizeti. Lakini nyuki aliyekwisha kuganda mahali pengine si wako tena kwa siku hizo.

Nyuki pia hawapendi bahati nasibu. Leslie Real, katika majaribio ya mwaka 1981 na maua ya bandia ya buluu na ya njano, aliona kwamba nyuki huchagua rangi inayolipa kidogo lakini kila mara, kuliko ile inayolipa sana mara moja na kuwa tupu mara nyingi, hata kama wastani ni uleule.

Na kundi zima huamua bila kuwepo mwamuzi. Thomas Seeley na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1991 huko Marekani, waliwawekea nyuki vyombo viwili vya sukari katika pande mbili za mzinga, kimoja chenye maji matamu sana na kingine chenye utamu hafifu. Walipobadilisha utamu katikati ya siku, ilipofika jioni sehemu kubwa ya kundi ilikuwa imehamia upande mpya. Nyuki mmojammoja hakuvilinganisha vyombo viwili. Kila mmoja alijua chake tu, ila aliyetoka kwenye kitamu alicheza ngoma kwa muda mrefu zaidi na kuwavuta wengine. Ndivyo shamba lako linavyoweza kuachwa ndani ya siku moja iwapo jirani ana kitu kinacholipa zaidi.

Vigezo vya ulinganisho

Kila mmea nitautazama kwa mambo matano. Malipo: unatoa nekta, chavua, au vyote, na kwa uhakika gani. Somo: ni rahisi au vigumu kwa nyuki kuujifunza. Saa na msimu: unalipa lini ukilinganisha na zao lako. Wageni: unaleta nyuki wa asali peke yao, au na wengine ambao mazao fulani yanawahitaji zaidi. Mwisho, unamfaa nani, nikizingatia gharama na faida nyingine.

Alizeti

*Malipo.* Kichwa kimoja cha alizeti kina mamia ya maua madogo, wakati mwingine zaidi ya elfu, yanayofunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa siku kadhaa. Kila ua dogo hutoa chavua kwanza, kisha hufungua sehemu ya kupokea chavua. Nekta ipo chini ya mrija mfupi. Kwa nyuki asiyependa kubahatisha, hapa ni mahali pa uhakika: anatembea tu juu ya kichwa, ua baada ya ua. Udhaifu uko kwenye ubora wa chavua. Ni nyingi, lakini protini yake ni ndogo na si kamili, na kundi linalokula chavua hiyo peke yake halistawi vizuri. Jihadhari pia na aina za mapambo zisizo na chavua kabisa, ambazo huuzwa kwa ajili ya maua ya kukata.

*Somo.* Rahisi mno. Rangi ya njano ni kubwa na inaonekana kwa mbali, na kwa macho ya nyuki kuna ziada: ncha za petali hurudisha urujuanimno huku sehemu ya chini ikiumeza, kwa hiyo katikati huonekana kama shabaha yenye duara jeusi. Harufu nayo imepimwa kwa vitendo. Nchini Ajentina, Walter Farina na wenzake walichapisha mwaka 2020 kwamba waliwalisha nyuki maji ya sukari yenye mchanganyiko wa harufu unaoiga ua la alizeti, ndani ya mizinga iliyopelekwa mashambani. Nyuki wakaenda kwenye alizeti kwa wingi zaidi, na mavuno ya mbegu yakapanda kati ya asilimia 29 na 57 kulingana na aina. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kiasi hicho kwamba somo analopewa nyuki mzingani hubadilisha magunia ya mkulima.

*Saa na msimu.* Hulipa mchana, na huchanua takriban miezi miwili hadi miwili na nusu baada ya kupandwa, kisha imekwisha. Anayetaka maua ya muda mrefu hupanda kwa awamu, kila baada ya wiki mbili.

*Wageni.* Nyuki wa asali kwa wingi, nyuki wasiouma, nyuki wapweke wa ardhini, vipepeo na nzi-maua.

*Inamfaa nani.* Mwenye ardhi ya kutosha, mvua ya wastani, na soko la mbegu au mashine ya kukamua mafuta karibu, kama ilivyo Singida na Dodoma. Mwenye tikiti au matango ajihadhari sana. Maua ya mazao hayo hutoa nekta kidogo, na alizeti ikichanua wiki ileile itashinda. Ipandwe ichanue kabla, ili kundi liwe kubwa tikiti zinapofungua maua, au baada, ili nyuki wasife njaa shamba likishavunwa. Ndege nao huipenda mbegu yake.

Mbaazi

*Malipo.* Nekta na chavua vyote vipo, lakini vimefungiwa. Ua la mbaazi, kama la maharage na kunde, lina petali mbili za chini zilizoungana na kuficha stameni, yaani viungo vya kutoa chavua, ndani. Mdudu lazima abonyeze kwa uzito wake ndipo zifunguke. Anayeweza hupata chavua bora kuliko ya alizeti, kwa kuwa jamii ya mikunde kwa kawaida ina chavua yenye protini nzuri.

*Somo.* Mbaazi zinatofautiana na wenzake hapa kuliko mahali pengine popote. Ua lenye mlango mgumu huhitaji mazoezi. Utafiti wa Terence Laverty kuhusu nyuki-bambi (nyuki wanene wenye manyoya) wa Amerika Kaskazini ulionyesha kuwa kwenye maua magumu nyuki mgeni hupapasa, hukosea upande, hupoteza sekunde nyingi, na huhitaji kuzuru makumi ya maua kabla ya kufikia kasi ya mzoefu. Akishafika huko, ana kazi ambayo wengi hawaiwezi, na nekta inamsubiri kwa sababu washindani ni wachache. Ndiyo maana nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hurudi kwenye mbaazi siku baada ya siku.

Nyuki wa asali ana njia yake. Kwenye luserini, ambayo nayo ni ya jamii hiyo, stameni hufyatuka na kumpiga mdudu kichwani. Nyuki wa asali aliyepigwa mara kadhaa hujifunza kuingiza mrija kwa pembeni, akanyonya nekta bila kufyatua chochote. Amelipwa, lakini ua halikuchavushwa. Huko Marekani wakulima wa mbegu za luserini waliishia kutegemea nyuki wakata-majani kwa sababu hiyo. Mbaazi hazina kipigo kama hicho, na zaidi hujichavusha zenyewe, kwa hiyo hasara si kubwa. Hata hivyo usihesabu nyuki wa asali waliotua na kudhani kila mmoja amefanya kazi.

*Saa na msimu.* Aina za muda mrefu hukaa shambani miezi sita hadi tisa au zaidi, na huchanua mahindi yaliyopandwa pamoja nazo yakiwa yamekwisha kuvunwa. Wakati huo malisho mengine huwa yamepungua, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Aina za muda mfupi huchanua mapema zaidi, basi angalia pakiti kabla ya kununua.

*Wageni.* Nyuki watoboa mbao, nyuki wakata-majani, na nyuki wa asali. Orodha ni fupi, lakini ina wageni wenye nguvu ambao alizeti haiwakuzi kwa wingi huo.

*Inamfaa nani.* Wakulima wa nusu ukame kama Makueni na Babati, ambao tayari wanazijua kwa chakula, kuni na rutuba ya udongo. Na zaidi ya wote, wakulima wa pasheni. Ua la pasheni ni kubwa, stameni zake ziko juu, na nyuki wa asali hupita chini yake bila kugusa panapotakiwa, mara nyingi akikusanya chavua na kuondoka. Pasheni ya njano haijichavushi, hivyo bila mdudu mkubwa matunda ni machache. Nyuki mtoboa mbao ana kimo kinachotosha mgongo wake kugusa stameni. Mpandie mbaazi kwa ajili ya miezi ambayo pasheni haina maua, mwachie magogo makavu ya kutobolea nyumba, naye atakuwepo pasheni zitakapofunguka. Mkulima aliye na marejea shambani kama mmea wa kurutubisha udongo tayari ana ua la mtindo huohuo.

Kaliandra

*Malipo.* Nekta nyingi sana. Ua lake ni shada la nyuzi nyekundu zinazoanza kujitokeza alasiri, na nekta hububujika kuanzia jioni hadi usiku. Kwao Amerika ya Kati wachavushaji wake ni popo na nondo wakubwa. Nyuki wa asali huku kwetu hunufaika na kinachobaki: huja jioni kabla ya giza na alfajiri inayofuata. Kwa chavua si mmea wa kutegemewa.

*Somo.* Rangi nyekundu haimsaidii nyuki, lakini ua liko wazi, halina mlango, na nekta haina kizuizi. Anachopaswa kujifunza ni saa. Akishaijua, huja kwa wakati kila siku, na ukisimama karibu na uzio wa kaliandra saa kumi na moja jioni utausikia kabla ya kuuona.

*Saa na msimu.* Sababu kubwa ya kuichagua ni hii. Maboga na matango hufungua maua alfajiri, na kufikia mchana yamekwisha kazi. Nyuki anayekwenda kwenye maboga asubuhi hakosi nafasi ya kaliandra jioni. Mti huu huchanua kwa muda mrefu wa mwaka panapokuwa na mvua ya kutosha, kwa hiyo hujaza mapengo.

*Wageni.* Nyuki wa asali, ndege aina ya chozi, nondo na vipepeo. Sioni kuwa unaongeza sana nyuki wadogo wapweke.

*Inamfaa nani.* Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa nyanda za juu, kama Embu ambako umeenea kwa miaka mingi kama lishe. Kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra huhesabiwa kuwa sawa na kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Lakini uamuzi upo hapa: ukiukata mara kwa mara kwa ajili ya ng'ombe hautachanua. Wanaotaka vyote viwili huacha mstari mmoja usikatwe, au hukata nusu ya uzio kwa zamu. Ukanda wa joto kali na ukame haufai.

Mrehani na kivumbasi

*Malipo.* Maua ni madogo, nekta ya kila moja ni kidogo, lakini yako mengi kwenye shina moja na hujazwa upya. Kwa nyuki mdogo hicho ni kiwango kinachomtosha.

*Somo.* Rahisi, na harufu ni ya nguvu. Nyuki hujifunza harufu kabla ya rangi, kwa hiyo kitalu kidogo cha mrehani hupatikana upesi kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake.

*Saa na msimu.* Huanza kuchanua miezi miwili hadi mitatu tangu kupandwa. Ukikata vishada vilivyokwisha kabla ya mbegu kukomaa, huendelea kutoa maua kwa miezi. Hulipa mchana.

*Wageni.* Hapa mrehani unaipita mimea mingine mitatu. Nyuki wasiouma, nyuki wa asali, na wale nyuki wenye mistari ya buluu tumboni ambao huruka kwa kasi na kusimama hewani kabla ya kutua. Hao wenye mistari ndio ninaowapigania katika sehemu hii. Ua la nyanya halina nekta hata tone. Linatoa chavua peke yake, nayo imefungiwa ndani ya mirija yenye tundu nchani. Ili imwagike, nyuki lazima alikumbatie ua na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Nyuki wa asali hana mbinu hiyo. Mwenye mistari ya buluu anayo, na nyuki mtoboa mbao pia. Lakini kazi ya kutetemesha inachoma nguvu, na nyanya haimlipi nguvu. Mrehani ukiwa hatua chache kutoka hapo unampa sukari, nyanya na bilinganya zinampa chavua ya kulisha watoto wake. Malipo hayagongani, yanakamilishana. Mpangilio huu ni wa bei ndogo na una mantiki iliyonyooka kuliko mwingine wowote katika makala haya.

*Unamfaa nani.* Mwenye bustani ya mboga, eneo dogo, au anayefuga nyuki wasiouma. Kwa mwenye mizinga hamsini hautatosha kuongeza asali ya kuvuna, labda uwe shamba zima. Majani huuzwa sokoni au huingia jikoni, na kivumbasi hutumika nyumbani kufukuza mbu.

Mambo yanayobadilisha uamuzi wowote

Panda kwa vitalu au mistari mirefu, usitawanye shina moja hapa na jingine kule. Nyuki aliyeganda kwenye aina moja anataka ua linalofuata liwe karibu. Mashina yaliyotapakaa ni malipo ya kubahatisha, na tumeona hawayapendi.

Kama unakodi au unahamisha mizinga kwa ajili ya zao, ilete maua ya kwanza ya zao hilo yakiwa yamekwisha kufunguka, takriban moja katika kumi. Ukiileta mapema, nyuki watajifunza malisho ya jirani, na itakuchukua siku kuwarudisha.

Kahawa ina hadithi yake. Nekta ya maua yake ina kafeini, na ya michungwa na milimau pia. Geraldine Wright na wenzake waliripoti mwaka 2013 kuwa nyuki waliopewa kafeini kwa kiwango kinachofanana na cha nekta walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kukumbuka harufu baada ya siku moja. Kwa hiyo kahawa hujitangaza yenyewe, na hofu ya kunyang'anywa nyuki na maua ya pembeni ni ndogo. Shida ya mkulima wa kahawa ni kwamba maua hudumu siku chache tu baada ya mvua, na kwa miezi iliyobaki nyuki hawana chakula hapo. Katika utafiti wa Alexandra-Maria Klein na wenzake kule Sulawesi, Indonesia, uliochapishwa mwaka 2003, maua yaliyogeuka kuwa matunda yalikuwa takriban asilimia 60 palipokuwa na aina tatu za nyuki, na takriban asilimia 90 palipokuwa na aina 20. Wingi wa aina ndio unaotafutwa, na haupatikani kwa kupanda mmea mmoja.

Mapapai hayamo katika ulinganisho huu. Dino Martins na Steven Johnson walionyesha nchini Kenya, mwaka 2009, kwamba mpapai huchavushwa na nondo wakubwa wa machweo. Ua la jike halina nekta. Nondo hudanganyika kwa sababu amekwisha kulipwa kwenye ua la dume. Ukikata mipapai dume yote, hakuna chavua na hakuna somo. Acha michache, na acha kichaka cha asili kilicho karibu.

Dawa nazo hazitambuliki kwa nyuki. Utafiti wa mwaka 2015 uliofanyika Uingereza na Ayalandi ulionyesha kuwa nyuki hawawezi kuonja imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, na wakipewa nafasi hunywa zaidi ile sukari iliyotiwa sumu hiyo. Kwa hiyo akili yote niliyoieleza haimlindi na maua yaliyopuliziwa. Kama huna budi kupulizia mmea uliochanua, basi usipande maua ya kumwalika karibu nao.

Uchague kwa hali yako

Una tikiti au matango ukanda wa joto: alizeti kwa awamu, tarehe zikipangwa isichanue pamoja na zao. Kama huwezi kupanga tarehe, mrehani kidogo ni salama zaidi.

Una maboga au matango nyanda za juu na ng'ombe wawili watatu: kaliandra, mstari mmoja ukiachwa bila kukatwa.

Una pasheni: mbaazi za muda mrefu au marejea, pamoja na magogo makavu yasiyopakwa dawa ya mchwa.

Una nyanya, bilinganya au pilipili kwenye eneo dogo: mrehani au kivumbasi, hatua chache kutoka matuta.

Una kahawa: kaliandra kwa miezi isiyo na maua, mrehani kati ya vivuli panapopata jua, na usifyeke magugu yote ya mpakani yanayochanua.

Una manzuki na unataka asali: alizeti kwa msimu mmoja mkubwa, kaliandra kwa mtiririko mdogo wa muda mrefu, na mbaazi au miti ya asili kwa chavua bora, maana kundi lenye asali nyingi na chavua hafifu hudhoofika.

Una nyuki wasiouma: anza na mrehani, kisha ongeza alizeti chache.

Hujui bado zao lako linahitaji mgeni gani: kaa shambani asubuhi moja yenye jua, maua yakiwa yamefunguka, utazame anayetua, anagusa wapi, na saa ngapi anaondoka. Tazama tena jioni. Ukimwona nyuki wa asali peke yake kwenye pasheni, au hakuna anayetetemesha maua ya nyanya, umeshajua ni mgeni yupi wa kumpandia.